Nyumba iliyopikiwa mihadarati husafishwa vipi?

Ndugu msomaji, hebu tuseme umetafuta nyumba kwa miezi mingi na hatimaye umeipata. Kodi ni nafuu, maji hayakatiki, na kuta zimepakwa rangi mpya inayong'aa. Unalipa arbuni, unakodisha pikapu, unahamisha vitanda na vyombo. Wiki ya tatu mtoto mdogo anaanza kukohoa usiku. Yule mkubwa, ambaye hajawahi kukusumbua, hapati usingizi na hasira zake hazieleweki. Unawapeleka hospitali, wanapewa dawa ya kifua, mnarudi nyumbani. Kikohozi nacho kinarudi.

Utashuku baridi. Utashuku vumbi, au hata jirani mwenye kijicho. Je, itakujia akilini kushuku ukuta?

Familia moja ya watu watano katika jimbo la Victoria, nchini Australia, haikuushuku. Baba, mama na watoto watatu walinunua nyumba ya mashambani mwaka wa 2013. Hawakuwa na habari kwamba aliyekaa humo kabla yao alishukiwa kuitumia kutengenezea dawa ya kulevya iitwayo methamfetamini. Walikaa, wakapika, wakalala, watoto wakacheza sakafuni, hadi mwaka wa 2015 walipopata habari kutoka kwa serikali ya mtaa. Kuta zilipopimwa zilipatikana na mabaki ya dawa hiyo yaliyopita mara nyingi kiwango kinachokubaliwa nchini humo. Nywele zao nazo zikapimwa. Dawa ilikuwemo, hata katika nywele za watoto ambao hawakujua mihadarati ni kitu gani.

Kisa hicho kilichunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Flinders na kuchapishwa mwaka wa 2017. Waliandika juu ya shida ya kupumua iliyofanana na pumu, ukosefu wa usingizi, na mabadiliko ya tabia. Jambo la kutia moyo ni kwamba dalili nyingi zilitoweka katika muda wa mwaka mmoja baada ya familia kuihama nyumba hiyo.

Huenda unajiuliza, dawa iliyopikwa na mtu aliyekwisha kwenda zake inawezaje kumwingia mtoto wa mtu mwingine? Jibu lake ni rahisi kuliko unavyodhani. Fikiria jikoni mwako unapokaanga samaki. Mafuta hayabaki kwenye karai peke yake. Mvuke wake hupanda darini, ukashika pazia, ukatua juu ya kabati, na kesho yake sebule bado inanuka samaki. Anayepika methamfetamini naye hutoa mvuke, lakini ndani yake mna asidi, viyeyusho vya aina ya petroli, na chembe za dawa yenyewe. Chembe hizo hutua kila mahali. Watafiti wa hospitali ya National Jewish mjini Denver, Marekani, walijaribu jambo hili kwa kushirikiana na polisi katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Walipima hewa na kuta wakati dawa ikipikwa, wakagundua kwamba uchafu ulisambaa mbali na chumba cha kupikia. Nguo za watu waliokuwemo pia zilichafuka.

Ukuta wa mawe uliopigwa lipu na kupakwa rangi ya mafuta hauingiwi sana. Lakini nyumba nyingi za Marekani, Australia na New Zealand zina kuta za ndani za jipsamu, mazulia yaliyogandishwa sakafuni, na mifereji ya hewa inayosambaza joto au baridi vyumbani. Vitu hivyo vyote hufyonza. Mtoto anayetambaa hugusa zulia, kisha hutia kidole kinywani, na ndiyo sababu yeye huumia kabla ya mtu mzima.

Kuna pia taka. Maafisa wa Marekani wanakadiria kwamba kila kilo moja ya methamfetamini huacha kilo tano hadi sita za uchafu wa sumu. Wapishi hao hawana lori la takataka. Uchafu humwagwa chooni, kwenye sinki, nyuma ya nyumba, au huchomwa uani usiku.

Marekani ndiyo iliyoonja shubiri hii kwanza kwa wingi. Mwaka wa 2004 polisi na maafisa wengine huko waliripoti visa karibu 24,000 vya maabara za siri, vifaa vyake au majaa yake. Nyingi hazikuwa viwanda. Zilikuwa jikoni, vyumba vya moteli, magari na nyumba za magurudumu. Dawa za mafua ndizo zilizokuwa malighafi, na mtu aliweza kuzinunua dukani kama unavyonunua peremende. Sheria iliyotiwa sahihi mwaka wa 2006 iliziweka nyuma ya kaunta na kumlazimisha mnunuzi kuonyesha kitambulisho. Maabara ndogo zilipungua, ijapokuwa dawa yenyewe haikuisha. Upishi mkubwa ulihamia Mexico. Lakini nyumba zilizopikiwa zilibaki mahali pake, na watu wakaendelea kuzinunua.

Kazi isiyo ya ndoo na ufagio

Polisi wanapovamia nyumba ya namna hiyo, wao na wataalamu wa kemikali huondoa mitungi, chupa na vyombo vya kupikia. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. La hasha. Kilichoondolewa ni kile kinachoonekana. Mabaki ya ukutani na zuliani ni mzigo wa mwenye nyumba, na mara nyingi bima haimlipii. Bili yake hufika maelfu ya dola, na nyumba kubwa hula makumi ya maelfu.

Shirika la serikali la kuhifadhi mazingira nchini Marekani, EPA, lilitoa mwongozo wa usafishaji mwaka wa 2009 na limeurekebisha tangu wakati huo. Nimeona vyema nikueleze jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa maana ukiifahamu utajua kutofautisha fundi wa kweli na tapeli mwenye kopo la rangi.

Kwanza nyumba hufunguliwa madirisha na kupigwa hewa kabla mtu yeyote hajaanza kazi. Hata hivyo, mtambo wa kupasha joto au kupoza hewa huzimwa, usije ukabeba uchafu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kisha mtaalamu hupita akitazama: walipikia wapi, walimwaga wapi, ni vyumba gani vinavyotumia mfereji mmoja wa hewa. Yeye ndiye anayechora mpango wa kazi.

Wasafishaji huvaa ovaroli za kutupwa, glavu za kuzuia kemikali, miwani na vifaa vya kupumulia. Hapo ndipo inapoanza sehemu inayowatoa watu machozi. Mazulia hung'olewa yote pamoja na sponji iliyo chini yake. Mapazia, magodoro, makochi ya kitambaa na karatasi za ukutani hutolewa na kutupwa. Vitu vya watoto vya kuchezea, hasa vile vya kutiwa kinywani, navyo huenda jaani. Chuma na vioo huweza kuoshwa vikapona, lakini yule dubu wa manyoya aliyelaliwa tangu utotoni hana dawa. Bodi za jipsamu zenye madoa au harufu hukatwa na kuondolewa.

Baada ya hapo kila pahali hunyonywa vumbi kwa mashine yenye vichujio vya HEPA. Mashine ya kawaida ya nyumbani haifai, kwani hunyonya kwa mbele na kutema chembe ndogo kwa nyuma.

Ndipo sasa huja kuosha. Dari huoshwa kwanza, halafu kuta kutoka juu kwenda chini, na sakafu mwishoni, kwa sabuni na maji ya moto. Kisha husuuzwa kwa maji safi. Wanarudia mara tatu. Vitambaa hubadilishwa kila mara, maji pia, maana ukitumbukiza kitambaa kichafu katika ndoo ileile unaisambaza sumu badala ya kuiondoa. Mama yeyote aliyewahi kupiga deki kwa maji machafu analielewa hilo bila kwenda shule.

Na hapa wacha niseme neno juu ya Jik. Sisi Wakenya tumeizoea. Choo Jik, sinki Jik, madoa ya nguo Jik. Katika nyumba kama hii usiithubutu. Mwongozo wa Marekani unaonya dhidi ya dawa za namna hiyo, kwani zinaweza kuungana na mabaki ya kemikali nyingine na kutoa gesi ya sumu.

Mifereji ya hewa husafishwa peke yake, au hung'olewa ikiwa haisafishiki. Mabomba ya maji machafu husukumwa kwa maji mengi. Pale ambapo nyumba ina tangi lake la choo, uchafu wa humo huchunguzwa kabla ya kunyonywa na kupelekwa mahali pengine.

Rangi huja mwisho kabisa, nyumba ikiwa imekwisha kupimwa na kufaulu. Kupaka rangi kabla ya kuosha ni kuifunika sumu blanketi. Harufu itapungua kwa miezi kadhaa, macho yatafurahi, mpangaji mpya atalipa, na mabaki yatabaki pale pale chini ya rangi. Ndiyo maana nilitaja rangi mpya mwanzoni mwa makala haya.

Kipimo cha kiganja

Upimaji wenyewe ni jambo la kustaajabisha kwa udogo wake. Mpimaji huchora mraba wa sentimita 10 kwa 10 ukutani, ukubwa karibu sawa na kiganja cha mkono. Huupangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa methanoli au kiyeyusho kingine, akakitia katika chupa na kukipeleka maabara. Hurudia hivyo katika vyumba mbalimbali.

Kinachotafutwa hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Chembe moja tu ya sukari ina uzito wa mamia ya mikrogramu. Jimbo la California linataka mabaki yasizidi mikrogramu 1.5 katika kila mraba wa namna hiyo. Australia iliweka 0.5. Majimbo mengine ya Marekani yalitaka 0.1 tu.

Utagundua, msomaji, kwamba viwango hivyo havilingani. Sababu ni kwamba baadhi yake viliwekwa kwa kufuata kile mashine za maabara ziliweza kukiona, wala si kwa kufuata kile kinachomdhuru mtu. Tofauti hiyo inaweza kuonekana kama ubishi wa wasomi. Kule New Zealand iliwatoa watu majumbani mwao.

Nchi hiyo ilipata hofu kubwa ya methamfetamini, ambayo wao huiita P. Mwongozo wa mwaka wa 2010 uliotolewa na wizara ya afya ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya nyumba zilizopikiwa dawa. Taratibu ukaanza kutumiwa kwa nyumba yoyote ambayo mtu aliwahi kuvutia dawa hiyo, hata kama hakupika chochote. Kampuni za kupima zikachipuka kama uyoga, na za kusafisha zikafuata. Shirika la nyumba za serikali, Housing New Zealand, lilipima nyumba zake, na kila ilipopatikana chembe iliyozidi kiwango wapangaji walitolewa. Hawa walikuwa watu maskini, wagonjwa wengine, wazazi wenye watoto. Baadhi walidaiwa gharama za usafishaji. Wengine walifungiwa wasipewe nyumba nyingine ya shirika hilo kwa muda wa hadi mwaka mzima.

Mwezi wa Mei 2018 mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu, Peter Gluckman, alitoa ripoti iliyozima moto huo. Hakuona ushahidi wowote kwamba mabaki ya uvutaji peke yake, katika viwango vilivyokuwa vikipatikana, yalimdhuru mtu aliyeishi humo baadaye. Alipendekeza kwamba, pale ambapo dawa haikupikwa, kusiwe na haja ya usafishaji hadi mabaki yafike mikrogramu 15, ambayo ni mara 30 ya kile kiwango cha 0.5 kilichokuwa kimewatoa watu nje. Hata hivyo, hakuzisamehe nyumba zilizopikiwa. Hizo alisema zisafishwe.

Septemba mwaka huohuo shirika lile liliomba radhi hadharani. Lilikiri kwamba wapangaji wapatao 800 waliathiriwa, likaahidi kuwalipa fidia na kufuta madeni. Kufikia wakati huo lilikuwa limetumia zaidi ya dola milioni 100 za nchi hiyo kupima na kukarabati nyumba, nyingi zikiwa nyumba ambazo hazikuhitaji.

Binafsi, kisa hiki hunisumbua kuliko kile cha Australia. Familia ya Victoria iliumizwa na mhalifu. Wale wa New Zealand waliumizwa na namba iliyosomwa vibaya, na watu wenye tai na mihuri. Mzee aliyekaa nyumba moja miaka mingi, akatolewa kwa sababu mjukuu au mgeni alivutia dawa chumbani, angemweleza nani akaaminiwa?

Kwa hivyo ukisikia fundi anakuambia nyumba yako ina sumu na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeipima, yeye ndiye atakayeisafisha, na yeye ndiye atakayekupa cheti, tia mkono mfukoni ushike pochi. Mpimaji na msafishaji wawe watu wawili wasiogawana malipo. Muulize pia swali moja: je, humu mlipikwa dawa, au ilivutwa tu? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utang'oa zulia.

Nasi huku je?

Usidhani haya ni ya ng'ambo peke yake. Afrika Kusini inaijua methamfetamini kwa jina la tik, na imevamia maabara zake kwa miaka mingi. Nchini Nigeria maabara ya kwanza ilipatikana Lagos mwaka wa 2011. Hapa kwetu, Septemba 2024, polisi walivamia maabara ya dawa hiyo katika eneo la Namanga, kaunti ya Kajiado. Sheria yetu ya mihadarati ya mwaka wa 1994 haimwandami mpishi tu. Mwenye nyumba anayejua na kuruhusu naye yumo.

Kwa anayekodisha, dalili zipo ingawa hakuna hata moja inayotosha peke yake. Harufu kali ya amonia, kama mkojo wa paka, au ya viyeyusho, isiyoisha hata madirisha yakifunguliwa. Madoa ya manjano au kahawia ukutani na kwenye sinki. Nyasi zilizoungua pahali pamoja uani. Madirisha yaliyozibwa kwa karatasi nyeusi. Jirani mwenye kupaka nywele rangi au fundi wa betri anaweza kukupa mojawapo ya hizo bila hatia yoyote, kwa hivyo usikimbilie kumtaja mtu. Lakini ukikuta chupa na mipira ya ajabu imeachwa stoo, usinuse, usifungue, usimwage. Toa watoto nje, uwaite polisi.

Kabla ya kulipa arbuni, ongea na mlinzi wa ploti na mwenye kioski cha karibu. Hao wawili hujua aliyeishi nyumba namba saba alikuwa mtu wa namna gani, alihama mchana au usiku, na kwa nini rangi ilipakwa haraka. Ikiwa una ndugu anayetaka kununua nyumba Marekani, mwambie idara ya DEA huweka orodha ya anwani zilizopatikana na maabara au majaa yake, na kila mtu anaweza kuisoma. Orodha hiyo haina kila nyumba, kwa hivyo amuulize pia muuzaji kwa maandishi na kuchungulia kumbukumbu za serikali ya mtaa.

Lipo kundi jingine ambalo ningependa kulitaja. Vijana wetu wengi wanaokwenda kusoma ng'ambo hujikimu kwa kazi za usafi, na wakala anaweza kumpigia mmoja wao simu asubuhi akamwambia kuna nyumba ya kusafishwa, malipo mazuri, njoo na ndoo yako. Mwanafunzi huyo aulize nyumba ni ya namna gani. Ikiwa ilipikiwa dawa, kazi hiyo ina mafunzo yake na mavazi yake, na katika majimbo kadhaa ya Marekani ina leseni yake. Ovaroli huvuliwa na kutupwa palepale, viatu havipandi gari, na nguo za ndani ya ovaroli hazifuliwi pamoja na za mtoto. Asipopewa mavazi hayo, ana haki ya kurudi na ndoo yake.